Boksi za Mama na Boksi za Watu

Mhunze, Kishapu
12 Mei 2024

Mwanangu Onesmo,

Habari za Nyasubi? Mkeo Vumilia na watoto hawajambo? Mimi ni mzima, ila nina hasira, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Nikiisikia sauti yako nitakutukana, na majirani wako karibu.

Masta silinda ya breki uliyonitumia kwa basi imefika. Boksi linameremeta, nembo ya kiwanda juu yake. Fundi Mabula aliifungua. Akachomoa raba zake akaziloweka kwenye mafuta ya breki. Kesho yake zilikuwa zimevimba kama maharage yaliyolala majini. "Mama Onesmo," akaniambia, "ukiifunga hii, siku moja utakanyaga breki mguu uende mpaka chini, na gari lisisimame."

Landrova hii unaijua. Baba yako aliinunua imechoka, na bado ikakusomesha. Tangu afariki naiendesha mimi, nabeba pamba na watu wa mnadani, na mara nyingine mjamzito ambaye hawezi kungoja. Nilikwambia wazi: taa, vioo, mazulia, hata springi, niletee za kuiga, sina neno. Kununua cha bei nafuu si dhambi. Lakini breki na usukani nataka orijino, na kama orijino hakuna, niambie, "Mama, hakuna." Nitaegesha gari, nitatembea kwa miguu. Kusema hivyo tu kulikushinda nini?

Nijibu.

Mama yako


Nyasubi, Kahama
21 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, wajukuu wako wanakusalimia. Mdogo ameanza kuota meno, halali wala hatulazi.

Barua yako imeniuma. Mama, magari hayo ni ya zamani kuliko mimi. Spea zake orijino ni za kutafuta kwa tochi, na nikizipata, mteja akisikia bei anageukia mlangoni. Nikimwambia hii nyingine ni ya kuiga, anageuka vilevile. Kila mtu anataka jina la orijino kwa bei ya kuiga. Sasa nifanyeje? Kuna mtu wa Dar ananiletea maboksi yenye nembo ya kiwanda, nazitia humo zile za kuiga. Mteja akiliona boksi, roho yake inatulia. Wala si kwamba vyote ni vibovu, vingine vinadumu kuliko hata orijino. Dunia nzima inatumia spea za kuiga, mama.

Yako haikuwa makusudi. Vumilia ndiye aliyefunga mzigo, akachukua kwenye rafu isiyo yako. Nakutumia nyingine ya uhakika. Usimweleze Mabula mengi, ana mdomo.

Mwanao


Mhunze
29 Mei 2024

Onesmo,

Salamu nimezipokea. Mtoto mpeni kitu kigumu atafune. Afya yangu usiniulize.

Hiyo ya pili imefika, Mabula ameikagua, ni nzima. Kumbe zipo! "Rafu isiyo yako." Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako. Kwa hiyo dukani kwako kuna boksi za mama na boksi za watu. Mimi nipone, wao wafe? Maziwa niliyokunyonyesha yalikuwa na nini?

Sikugombezi kwa kuuza vya kuiga. Nakugombeza kwa lile boksi. Mtu akijua breki yake ni ya kuiga, ataikagua. Atashuka mlima kwa gia ndogo, hatapakia kupita kiasi. Wewe umemnyima hata woga wake.

Na wateja wako nawajua. Ni wale wa Runzewe na kule machimboni, wenye Landrova chakavu zinazoteremsha mawe ya dhahabu kwenda kusagwa kwenye makarasha, na wachimbaji wamekaa juu ya mzigo. Wapigie simu. Waambie wafungue breki zao waangalie. Leo, si kesho.

Mama


Nyasubi
9 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Huku wote wazima.

Nikiwapigia hao watu, nimefunga duka. Ni nani atakayenunua tena hata taa kwangu? Wewe unajua kuendesha, biashara hujui. Na hata huko kuendesha, mama, watu wanacheka, bibi mzima na Landrova. Iuze upumzike.

Mpaka leo hakuna mteja aliyelalamika isipokuwa mama yangu mzazi. Jambo hili tusiandikiane tena.

Onesmo


Nyasubi
2 Septemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo mama. Natumaini u mzima. Nakupigia hupokei, tangu juzi nakupigia.

Gari la Magesa wa Runzewe limekosa breki kwenye mteremko wa kutoka mashimoni, likapinduka. Magesa amevunjika nyonga. Kijana mmoja aliyekuwa amekaa juu ya mawe, anaitwa Edson, amefariki. Magesa amewaambia polisi kwamba silinda aliinunua kwangu mwezi wa nane, mpya, na boksi lake bado analo.

Nina hakika watakuja na kwako, maana watu wote wanajua gari lako linatumia spea zangu. Wakija, sema miaka yote nakuuzia orijino na hujawahi kuona kasoro. Neno la mama lina uzito. Nakuomba, mayu, kama nilivyokuita nikiwa mdogo. Wanangu ni damu yako.

Mwanao


Mhunze
10 Septemba 2024

Onesmo,

Sikungoja waje. Niliwasha gari nikaenda Runzewe mwenyewe.

Nilimkuta Lusia, mjane wa Edson, amekaa mkekani ananyonyesha. Nikamwambia, "Mimi ni mama wa yule aliyeuza breki." Shangazi yake akainuka anipige, wenzake wakamshika. Lusia hakuinuka. Aliniuliza neno moja tu: "Alijua?"

Ng'wana wane, mtoto wangu, ulitaka niseme nini? Mimi nilikuandikia mwezi wa tano. Magesa alinunua mwezi wa nane. Mtoto wa yule binti hajaacha ziwa, mwanangu, kama wako. Nikamwambia, "Alijua. Nilimwambia mimi."

Kutoka pale nikaenda polisi. Nikatoa maelezo, nikatia sahihi, nikawakabidhi na ile silinda ya kwanza uliyonitumia. Njiani nilisimamisha gari nikalia. Kisha hasira ikanirudia kali kuliko mwanzo, kwa sababu umeniweka mahali ambapo mama yeyote hapaswi kuwekwa, halafu unaniita mayu.

Wako wengine ambao bado wanashuka milima na boksi zako. Wapigie kabla hujachukuliwa. Hilo bado unaliweza.

Mama


Kahama
30 Septemba 2024

Kwa Zipora,

Nimo mahabusu. Duka limefungwa. Vumilia amerudi kwao na watoto. Umefurahi?

Mwanamke aliyezaa hampeleki mwanawe polisi. Usije kuniona. Mimi sina mama.

Onesmo


Mhunze
21 Oktoba 2024

Mwanangu Onesmo,

Unaendeleaje huko? Unalala wapi, unakula nini? Najua hutajibu. Nauliza kwa sababu nataka kujua, si kwa sababu hasira imekwisha.

Umeniita Zipora. Jina langu zuri, alinipa baba yangu, halinitishi. Hapa mnadani bado naitwa Mama Onesmo. Wengine siku hizi wanalitamka taratibu, kama wanaogopa litanikata. Wengine wameacha kupanda gari langu, wanasema mama asiyeogopa kumshitaki mwanawe ataogopa nini? Wapite kwa miguu.

Vumilia nilimfuata kwao. Hakunikaribisha ndani, lakini watoto walitoka. Mdogo ana meno manne. Ameniuma kidole.

Wiki hizi nimezunguka gereji za Kahama na Runzewe, nawaambia madereva wafungue breki zao. Wengine walinifukuza. Runzewe nikamkuta mmoja anaitwa Eliya, ana Landrova fupi ya kijani. Nilipoanza tu kueleza, akanikatiza. "Mama, mimi nilishapigiwa. Onesmo mwenyewe alinipigia, mwezi wa tisa. Alisema, 'Fungua breki zako,' akakata simu. Nikafungua. Zilikuwa zimeshavimba." Akanitajia wenzake wengine waliopigiwa.

Kumbe ulipiga. Umeniandikia matusi, hilo hukuniandikia. Hata hilo limenikasirisha! Na kwa Edson ulichelewa, sitakudanganya. Polisi niliwarudia, nikawaambia na hilo la simu, maana nalo ni kweli. Wameandika.

Jumapili nilikuja na matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, na karanga. Askari aliingia navyo, akatoka navyo, akasema umekataa na hutaki kuniona. Nikampa yeye ale. Jumapili ijayo nitakuja tena, na ile inayofuata. Kama una matusi zaidi, usiyatie kwenye karatasi. Toka uje unitukane uso kwa uso, nikuone umekonda kiasi gani.

Mama yako, utake usitake