Mafaili ya Nanjala Yanauzwa kwa Kilo

Nanjala, rafiki yangu,

"Karatasi zimepitwa na wakati. Kila kitu sasa kiko kwenye kompyuta." Maneno hayo mkuu wa chuo aliyasema kule Bumula, kaburi lako likiwa bado wazi, akidhani anakusifu: ati ulitunza kumbukumbu za chuo kwa moyo wote, sasa mashine itakupumzisha. Nilitaka kumjibu palepale. Mama yako akanishika mkono, akasema, "Leo si siku ya vita, mwanangu." Namjibu leo.

Ni uongo. Kompyuta haikumbuki kitu ambacho hakuna mtu aliyeiandikia. Matokeo ya wanafunzi wa miaka ya nyuma hayajawahi kuingizwa mle. Yako kwenye karatasi, na sahihi za walimu ambao wengi wao wamekutangulia huko uliko. Uliomba kabati lisiloshika moto. Uliomba nakala ziwekwe kwenye tawi letu la Bungoma, ili chuo hapa Kitale kikipatwa na jambo, kitu kibaki. Ukajibiwa kwamba chuo kina mambo muhimu zaidi. Yapi hayo? Hadi leo hakuna aliyenitajia.

Ukafanya ulichoweza. Kila mvua ilipokatika ulitandika turubai nyuma ya karakana, ukaanika karatasi, jiwe juu ya kila rundo, ukazigeuza kwa mkono kama mahindi. Wanafunzi wakipita walikutania: "Madam, mahindi imekauka?" Nawe, bila kuinua kichwa: "Hii ndiyo mtakula mkizeeka." Walicheka. Mimi pia nilicheka.

Sasa chumba chako ni kantini. Mafaili yalitupwa kwenye banda linalovuja, kisha mengine yakauzwa kwa kilo. Siku ya soko nilienda Chwele, nikanunua njugu. Mama muuzaji akanifungia kwa karatasi, na juu yake nikaona sahihi yako, na majina na alama za watoto wa watu. Nilipomuuliza ameitoa wapi, akacheka. "Mwalimu, si ni karatasi tu, bana? Onja njugu." Nikalia pale sokoni, Nanjala. Mimi, ambaye ulizoea kuniambia nitagombana hata na mvua.

Unamkumbuka Nafula, yule fundi umeme aliyekuwa akiimba karakanani? Nyumba yao iliungua, cheti chake kikaungua nayo. Amepata kazi hospitalini, lakini wanataka chuo kithibitishe kwamba alisoma na akafaulu. Karani akatafuta kwenye kompyuta, akamwambia, "Dada, wewe hapa hujawahi kusoma." Nafula akaja kwangu, akakaa. Halafu akauliza, "Madam Nanjala angekuwepo, si angenitafutia?"

Ungemtafutia. Hata baada ya kazi, hata kichwa kikikuuma, ungemtafutia. Na mimi bado... bado kila nikikasirika nainuka kuja kukueleza. Nafika mlangoni, harufu ya mandazi inanipokea, nakumbuka. Hapo hasira yote inaisha, kinabaki kitu kingine ambacho sina jina lake.

Faili la darasa la Nafula huenda bado liko bandani. Lori la wanunuzi wa karatasi linarudi kuchukua yaliyobaki muhula ukifungwa, na hospitali haitamngoja zaidi ya hapo.

Lala, rafiki yangu. Pumzika na mabishano yangu pia. Nakuahidi kwamba siku hiyo nitakuwa mbele ya lori, na dereva ataamua mwenyewe.

Na nyinyi, wajumbe wa baraza la chuo, ambao nawapelekea nakala ya barua hii: lizuieni lori hilo. Hamishieni yaliyobaki mahali pakavu, na nakala zake ziende Bungoma. Lakini kwanza, kesho asubuhi, mfungulieni Nafula banda. Msimtume karani. Njooni wenyewe, mkunje mikono ya mashati, mkae naye chini, mlitafute jina lake.