Shangazi Hayumo Kitabuni

Kaka mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba goti lako limepata nafuu. Sisi hatujambo. Shemeji yako anakohoa kidogo, lakini kelele zake ziko palepale. Nami nakuandikia nimesimama, karatasi juu ya meza ya kupigia pasi, kama niandikavyo vitabu vyangu vyote.

Ujumbe wako nimeupata. Unataka nimwondoe Shangazi kwenye kitabu kipya kabla hakijachapwa, la sivyo nisikanyage tena nyumbani. Niliusoma, nikabandika maharage, nikausoma tena. Jibu langu ni hapana. Nimelitanguliza ili yaliyobaki uyasome umetulia.

Hujawahi kuniuliza kazi yangu inakwendaje, kwa hiyo nakueleza bila kuulizwa. Naandika hadithi za mauaji ya kistaarabu: maiti mmoja, damu hakuna, na mwishoni muuaji anatajwa watu wakiwa wamekaa sebuleni. Asubuhi nafua na kupika huku nikifikiria nani afe. Mchana nakaa kwa fundi cherehani, maana mtu akipimwa kiuno husema ukweli wote. Juzi nilimuuliza mfamasia wa mtaani kwetu ni dawa gani inaua bila kubadilisha ladha ya chai. Tangu hapo shemeji yako akipita pale anaulizwa kama ameamka salama.

Sasa, huyo mama mwenye nyumba anayekutwa amekufa stoo nilimwokota kwenye foleni ya benki. Alivaa koti zito na jua linawaka, akiwafokea watu wasimsogelee. Hata jina lake silijui. Lakini binamu alipoazima mswada wangu akaupitisha kwa ndugu, moto ukawaka. Shangazi akasema maiti ni yeye. Baba mdogo akasema yule muuza duka bahili ni yeye, na wifi, anisamehe, akajitambua kwa jirani mwenye mdomo. Watu wa kuokota barabarani, kila mmoja wenu akajichagulia wake na kununa naye.

Nilikwenda kwa Shangazi kumweleza. Alinigeuzia mgongo kwanza, halafu akasema, "Kuniua umeniua, sawa. Lakini stoo, mwanangu? Juu ya magunia?" Nikacheka. Naye alikaribia kucheka, akakumbuka kwamba amekasirika.

Kesho mhariri anataka neno la mwisho. Nitamwambia achape kila ukurasa kama ulivyo.

Ila yumo mtu mmoja wa ukoo wetu, kaka, na nashangaa hakuna aliyemwona. Mtazame muuaji. Ni yule kitinda mimba anayemimina chai kwenye kila kikao, ambaye hakuna anayemuuliza anaonaje. Ndugu zake wanaigawa nyumba ya marehemu baba yao, yeye anauliza nani aongezewe sukari. Huyo ni mimi. Na si kitabu hiki tu, muuaji wa vitabu vyangu vyote ni mimi. Mmesoma mkijitafuta wenyewe, mkanipita kama kawaida. Hilo limeniuma kuliko tishio lako. Siku mlipoamua nyumba ya Baba iwe yako, mimi nilikuwa nimeshika birika, na nilikuwa na la kusema.

Nitakuja Jumamosi kwenye kikao cha ukoo, upende usipende. Mlango ule alinifungulia Baba kabla wewe hujapewa funguo.

Msalimie wifi, mwambie yule jirani hafi. Watoto wabusu kwa niaba yangu. Baba mdogo mpe salamu, na Shangazi mpe pole kwa msiba wake mwenyewe. Jumamosi niwekee kiti karibu naye, maana nitakaa, nitaongea hadi nimalize, na chai utamimina wewe.

Ni mimi mdogo wako,
yule mliyempa jina la Kimya