Mkamwana wa Pili

Natta,
12 Julai 2024

Mama, shikamoo.

Natumaini mmeamka salama wewe na wajukuu, na goti lako limepoa kidogo. Mimi ni mzima, ila vumbi la huku linanikohoza.

Fildi ya chuo nimeanza Jumatatu, najifunza kazi hapa ofisi ya kata. Ni wiki nane, na bila msimamizi kusaini kwamba nimezimaliza, chuo hakinipi mtihani wa mwisho, hata ningekuwa na akili za nani. Msimamizi wangu ni dada Bupe, afisa ustawi wa jamii, mtu wa Mbeya. Ananifundisha kumsikiliza mtu bila kumkatiza. Na mdomo wangu huu unaoujua, kazi ipo.

Aliponiuliza kama nimeolewa nikasema ndiyo, nimeolewa na mama. Akaweka kalamu chini. Nikamweleza nyumba ntobhu: mama asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ya yule mama. Akauliza, na baba zao? Nikamwambia hao hawaulizwi. Mpaka leo hajalirudia suala hilo.

Mwambie Precious asimfinye Bhoke. Nawakumbuka wanangu mpaka chakula hakipiti.

Mkamwana wako,
Agustina


Nyamisangura,
20 Julai 2024

Mwanangu Agustina,

Pokea salamu zetu nyingi. Hatujambo, na goti ni lilelile. Mambo mazito usinipigie simu, maana kwenye simu unanikatia. Barua utaisoma mpaka mwisho.

Huyo Bupe mwambie anifuate dukani nimweleze mwenyewe. Nilikuoa una miaka kumi na saba, kidato cha nne kimekuangusha, una D tatu, na ya nne ni ya dini ambayo chuo hawaihesabu. Kwenu walishakukatia tamaa. Nani alikurudisha ukarudie mtihani na mtoto mgongoni? Wanawake wa mtaa mzima walinicheka, eti nimeoa mke wa kwenda shule. Nikawaacha wacheke.

Sasa nisikilize. Shemeji zangu, ndugu wa marehemu mume wangu Machage, wamekuja tena. Wamezunguka kiwanja, wamekunywa chai yangu, wakasema nyumba ya wasichana watupu haina mwenyewe, siku nikifa wanaingia. Precious na Bhoke wataenda wapi? Nyumba hii inataka mtoto wa kiume. Nimeongea na Ryoba, yule fundi pikipiki, mtu mtulivu, hanywi. Ukimaliza fildi unakuja nyumbani. Chuo kitangoja mwaka mmoja, hakina miguu ya kukukimbia.

Kula vizuri. Ulivyoondoka ulikuwa umekonda.

Mama yako


Natta,
29 Julai 2024

Mama, shikamoo.

Habari za goti, habari za watoto, habari za duka. Mimi mwili haujambo.

Barua yako niliisoma mpaka mwisho kama ulivyotaka, halafu nikaenda kulia chooni, kwa sababu chumba changu kimetengwa kwa mabati na jirani anasikia kila kitu.

Mama, Ryoba simtaki. Sijawahi kukukatalia kitu. Wale wanaume wawili ulionichagulia nilinyamaza, na watoto wangu nawapenda. Safari hii siwezi. Kutwa nzima nakaa na wanawake nawauliza, wewe mwenyewe unataka nini? Ndivyo dada Bupe alivyonifundisha. Jioni nafunga ofisi na hakuna aliyeniuliza mimi.

Dada Bupe anasema sheria haiitambui ndoa yetu, naweza kuondoka hata kesho. Nikamwuliza niende wapi. Kwetu hawawezi kurudisha ng'ombe. Watoto wako kwako. Na wewe nikikuacha, shemeji zako wataingia siku hiyohiyo. Nimebanwa kila upande, mama, na mtu pekee ninayeweza kumwambia hivyo ni wewe.

Niache nimalize. Nikipata kazi tutatafuta wakili, kiwanja kiandikwe majina ya Precious na Bhoke. Siku hizi wasichana wanarithi. Nakuomba unijibu, hata kwa matusi.

Mkamwana wako,
Agustina


Nyamisangura,
22 Agosti 2024

Mwanangu Agustina,

Habari za siku nyingi. Matusi nilikuwa nayo, nikaona niyaache yapoe kwanza. Watoto wazima, Bhoke ameng'oka jino na anajiona mkubwa.

Haya, umeshinda. Hutalala na Ryoba. Maliza fildi yako, rudi chuo, hakuna atakayekugusa. Nimewaza wiki zote hizi, nikaona sikukuleta kwangu ili ukalie chooni kwa watu.

Ila nyumba haiwezi kukaa hivi, na wewe unalijua hilo. Kwa hiyo nimeoa mwingine. Anaitwa Goodness, wa Nyambureti, ameletwa Jumamosi. Ana miaka kumi na saba, kama wewe ulivyokuja. Mpole, hana mdomo wako, anafagia mpaka barabarani. Analia usiku kidogo, na wewe ulilia hivyohivyo ukazoea. Ryoba ataanza kuja mwezi ujao.

Amenishangaza kwa jambo moja. Ameona picha yako ya chuo ukutani, akaniuliza kuingia pale wanataka nini. Nikamwambia D nne, na dini haimo. Yeye ana mbili. Nikamwambia azae mvulana kwanza, halafu nitamrudisha akarudie mtihani kama nilivyokurudisha wewe. Alifurahi. Ukija utamfundisha.

Mama yako anayekupenda


Natta,
Jumatano, 28 Agosti 2024

Mama, shikamoo. Sijui kama utaiitikia.

Barua yako niliipata Jumatatu. Nilifurahi kwa mistari minne.

Siku mbili sikumwambia dada Bupe. Nilijiambia yule binti simjui, na wewe umenilea. Wiki hii ndiyo ya kusaini fildi yangu. Ningenyamaza tu, angesaini, ningemaliza chuo, ningerudi na cheti changu nimkute Goodness ana mimba aliyoibeba badala yangu. Leo asubuhi nimemwambia. Aliuliza umri tu, akapiga simu polisi wa huko kwetu Tarime.

Kesho tunakuja na gari la halmashauri na askari wa dawati la jinsia. Dada Bupe alitaka nibaki ofisini, nikakataa. Goodness anahitaji mtu wa kumshika mkono anayeijua ile nyumba. Watoto wangu nawachukua pia, tutalala wapi sijui. Wewe watakufanya nini, sijui. Nimewaomba ukae kiti cha mbele kwa ajili ya goti, wakasema wataona. Shemeji zako wataingia, na mlango nimewafungulia mimi. Naumia, mama, na sitakuomba unisamehe kwa sababu ningefanya tena.

Nilitamani uisome hii kwanza, uoge, uvae gauni lako la kanisani, watu wasikukute na kanga ya dukani. Lakini ukiisoma mapema utamficha yule binti, nakujua. Barua hii nitamkabidhi kondakta wa basi Ijumaa. Itakapokufikia, tutakuwa tumeshaonana.

Mwanao,
Agustina