Jina la Tabesi Kwenye Hati

Kwa mama yangu Tasoi, huko Aleksandria kwa kaka Pamuni.

Shikamoo mama. Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, na mguu uwe umepungua kuvimba. Sisi tupo. Kolutho ameota jino la pili, ananiuma akinyonya. Mume wangu Horioni bado yuko safarini na ngamia. Dengu zimetoka vizuri mwaka huu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unauliza nani alimchongea mdogo wangu Tabesi, na unasema ni jirani yetu Heraisi, hata umemkataza Pamuni asimsalimie tena katika barua zake. Nitakueleza ilivyokuwa.

Amri ya Kaisari ilipofika kijijini kwamba kila nyumba itoe sadaka kwa miungu na kuandikiwa hati ya kuthibitisha, Tabesi alikaa ndani na mtambo wake wa kufumia. Hakuna aliyemuulizia. Bikira wa Kristo, hana mume, hana shamba, walimpita tu.

Siku ya tano alikwenda kuteka maji. Wanawake wakampongeza kwa kicheko, eti bibi harusi wa mbinguni kala nyama ya sadaka kama watu, jina lake limebandikwa mlangoni pa hekalu. Akarudi, akatua mtungi, akamaliza mstari aliokuwa anafuma, akambusu Kolutho, akatoka. Nikamfuata na mtoto mgongoni.

Karani wa hati pale hekaluni alimcheka. "Wenzako wananiletea kuku niwaandike, dada, wewe unataka nikufute? Nenda nyumbani."

"Sikula," Tabesi akasema. "Nifute."

Alirudia mara tatu. Mara ya nne karani hakucheka tena, akamuuliza ni nani basi aliyeleta jina hilo. Tabesi akatazama chini, akasema hajui. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwake.

Walimpeleka mjini Arsinoe. Siku ya nane wakamuua kwa upanga. Sijalia bado. Maziwa yamekauka upande mmoja.

Mama, Heraisi hakufanya kitu. Jina nililipeleka mimi. Nilichoma ubani, nikatia nyama mdomoni, na karani alipouliza nyumbani kuna nani tena, nikamtaja mtoto, nikamtaja Tabesi. Nilidhani akishaandikwa hawatamgusa. Kumbe hawakuwa wanamtafuta.

Mwambie Pamuni amsalimie Heraisi, tena kwa jina. Na usiniandikie maneno ya kunifariji, sitayasoma.

Aliyokuwa anafuma ni kanzu ya Kolutho. Imebaki mkono mmoja. Sifumi kama yeye, lakini nitaumaliza hivyo hivyo, maana baridi inakuja.

Wasalimie wa nyumbani mwenu wote, kila mtu kwa jina lake. Kolutho anakusalimu bibi yake.

Mimi mwanao,
Termuti