Mahali pa Juzi

Jumatatu, 3 Machi

Kadi zimekamilika! Moja nimeishonea kifuani mwa koti la Babu, ya pili nimeigandisha kwenye fimbo yake.

Babu alikuwa mwashi. Kila asubuhi anataka kwenda kazini, ingawa hajashika mwiko wala timazi tangu nianze shule. Kwenda anajua. Kurudi ndiko anakosahau. Mama ana zamu wodini, Mama Mdogo ana cherehani na wateja, mimi nina masomo. Kumfungia ndani hatuwezi. Ni mtu, si kuku.

Programu yangu ni nyepesi, mtu haipakui. Anaelekeza kamera kwenye msimbo niliouchapa juu ya kadi tu, inafunguka humo humo kwenye programu ya ujumbe ambayo kila mtu anayo. Mwalimu wa kompyuta alitufundisha kwamba programu ikifunguliwa, kwanza iulize imefunguliwa na nini, kama unavyomuuliza mgeni anayebisha hodi katumwa na nani. Basi yangu inajua kama ni koti au ni fimbo. Fimbo inaweza kusahaulika popote. Koti Babu halivui hata jua likiwaka. Halafu inaomba ruhusa, inaangalia simu iko wapi, inatuletea ujumbe.

Babu alinitazama nikishona. Akasema nimemtia bei kama shati la dukani. Akauliza kama kuna punguzo.

Jumatano, 5 Machi

Tumejaribu kwa simu ya Mama Mdogo — kuukuu, kioo kina ufa. Inatafuta mahali ilipo na kile kiduara kinazunguka, kinazunguka. Mama Mdogo akasema kwa mwendo huo Babu atakuwa ameshavuka mpaka na kuoa huko.

Anasema kweli. Nani atasimama barabarani kusubiri kiduara? Nikapata dawa: simu ikishapata mahali mara moja, ipakumbuke. Mara nyingine isitafute tena, itume tu. Sasa ni kufumba na kufumbua!

Nimeandika pia maneno ya kumwonyesha aliyempata: “Asante sana. Familia inakuja. Usihangaike.” Nimeyafuta na kuyaandika upya mpaka yakawa na adabu.

Ijumaa, 7 Machi

Imefanya kazi! Babu alifika kwenye kibanda cha fundi viatu karibu na stendi, akaanza kumkosoa kuwa nguzo zimekaa upogo. Fundi akaiona kadi. Mama Mdogo akapata ujumbe — koti, stendi — akamkuta kakalia kigoda, anakunywa maji.

Mama aliporudi alinikumbatia kabla hata ya kuvua sare. Alisema sasa akiwa wodini, akili nayo itakuwa wodini.

Jumamosi, 8 Machi

Tena! Safari hii dereva wa lori la kokoto, kule machimboni. Babu alikuwa anachagua mawe. Dereva alisubiri mpaka Mama Mdogo akafika. Watu ni wema, nimegundua. Wanahitaji kurahisishiwa tu.

Jumatatu, 10 Machi

Babu hayupo.

Mama Mdogo aliinama kuokota uzi. Alipoinuka, mlango uko wazi.

Mchana ujumbe ukaja. Koti, kibanda cha fundi viatu. Nikaombewa ruhusa shuleni, Mama akaombewa wodini, tukakutana pale na Mama Mdogo, tunahema. Kibanda kimefungwa. Babu hayupo. Muuza maji wa jirani akasema hajamwona mzee yeyote, na fundi mwenyewe kaenda kununua ngozi.

Mama alitaka tuvuke daraja, kuna nyumba nyingi Babu alijenga kule. Nikamzuia. Nilisema ramani haikosei, mtu aliyemwona alikuwa amesimama hapa hapa. Akaniamini. Tukazunguka stendi ile mpaka jua likaanza kushuka.

Ndipo fundi akaja na mzigo wake kichwani. Akashangaa kutuona. Kumbe alikutana na Babu ng'ambo ya daraja, mbali kabisa, akaipiga picha kadi kama siku ile.

“Simu ikaniambia familia inakuja, nisihangaike,” akasema. “Nami nilikuwa na haraka. Ningejua, mama, nisingemwacha.”

Simu yake ilikumbuka mahali pa Ijumaa. Ilifanya nilivyoiagiza.

Mama hakunigombeza. Alifunga kanga kiunoni, akamwambia Mama Mdogo twende, na mimi nirudi nyumbani nikae na simu inayopokea ujumbe.

Jumatatu hiyo hiyo, jioni

Nimebadilisha maneno kwanza, kabla ya kosa lenyewe: “Tafadhali kaa naye mpaka tufike.” Kisha nikarekebisha: mahali patafutwe upya kila mara, hata kiduara kizunguke mpaka kichoke.

Nimempigia Mwalimu. Alisema ni sawa, ila simu iliyokwisha kuifungua ile ya zamani inaweza kuendelea nayo mpaka mtu aifunge kabisa.   

Mvua imeanza.

Ujumbe! Koti. Machimbo ya kokoto!

Nikampigia Mama papo hapo. Wako njia panda, wamelowa. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema machimboni — nikasita. Nikaleta ujumbe wa Jumamosi, nikaweka namba za ramani juu na chini. Zimelingana zote, mpaka ya mwisho kabisa. Mtu hasimami mara mbili juu ya unyayo ule ule.

Ni dereva yule yule. Simu yake ile ile. Yuko na Babu, au alikuwa naye, sasa hivi, mahali nisipopajua. Namba yake sina. Mwalimu alitufundisha tusiwaombe watu wasichohitaji kutoa, nami sikuiomba.

Nilimwambia Mama yote. Nilimwambia asiende machimboni kwa sababu ya ramani yangu. Nikalia kidogo.

“Sasa niipe kazi gani miguu yangu?” akauliza. “Niambie unachokijua, usichokijua kiache.”

Ninachokijua: ni lori la kokoto, na kuna mtu mwema ndani yake.

Mama akasema malori yanapita hapo mfululizo, basi watasimamisha moja moja. Hakukata simu. Nimeiweka mezani, sauti juu. Nasikia mvua upande wake. Nasikia breki, halafu Mama anauliza kama wamemwona mzee mwenye koti — mrefu, mwashi, baba yake. Mlango wa lori unabamizwa. Lori linaondoka.

Breki tena.