Muone Mwenye Duka

Mpwa wangu mpendwa Wangari,

Simu zangu unazikata, lakini gazeti linafika huko Nairobi, kwa hivyo nakuandikia humu mbele ya watu wote.

Unakumbuka nilivyokutoa Mukurweini, kwenye mavi ya ng'ombe, nikakuleta Nyeri mjini kwa duka langu la kompyuta? Mimi niliacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu aliishiwa na kitu cha kunifunza. Wewe ulikuwa na diploma, lakini hiyo Linux, programu ya kuendesha mashine zote, tuliijenga pamoja: mimi nikisema chapa, wewe unachapa. Uliweka ukuta kwenye ile kompyuta kubwa ya nyuma, ukafunga njia zote za intaneti, ukaacha mlango mmoja tu, wa proksi. Mteja akitaka ukurasa, proksi inaangalia kwanza orodha yangu. Kama haumo, haupiti. Kuna Wazungu watatu walijaribu kuingia kutoka Amerika wakalala nje ya ule ukuta mpaka asubuhi. Niliwasikia kwenye modemu wakilia.

Na yale maneno ya kumzuia mtu niliyatunga mimi: "Ukurasa huu umefungwa. Muone mwenye duka." Yule mwalimu wa Tetu alipokuja kuniona, nilimuuliza kwa sauti foleni yote isikie, "Mwalimu, huo ukurasa wa kutafuta mchumba ni wa somo gani?" Hakurudi tena. Wewe uliinama ukajifanya unatafuta waya.

Halafu ile Ijumaa ukaniambia uko na barua pepe ya chuo cha Kanada. "Uncle, wanataka jibu leo." Ati leo. Mama yako hakukutoboa masikio mpaka nikaletewa mbuzi wangu wa mjomba, kama mila inavyotaka, sasa Kanada ipite bila mimi? Nikakusimamisha mbele ya wateja, nikakuambia ufunge ukurasa wa hiyo barua pepe kwenye proksi, kwa mkono wako mwenyewe. Na ulijua hapa mjini hakukuwa na intaneti nyingine. Ulichapa polepole, kamasi ikidondoka kwa kibodi yangu mpya.

Mama mmoja akasema, "Mzee, si umwonee huruma."

Nikamwambia sheria haina ndugu. "Wangari, funga na mashine yangu pia. Nisipite popote."

"Popote, Uncle?"

"Si umesikia."

Nilisema hivyo wateja wanione. Nilijua wakienda utanifungulia. Wewe ukachapa, ukachukua sweta yako, ukaenda na paswadi kichwani.

Kanada wamempa mtu mwingine nafasi yako, nimesikia, na ni vizuri. Na hiyo miguu yako myembamba, baridi ya huko ingeivunja kama kuni. Lakini ng'ambo ya barabara kumefunguliwa duka la mjinga fulani asiye na sheria yoyote, na wateja wangu karibu wote wako huko. Watu wanasema kompyuta zitakufa mwaka elfu mbili ukiingia. Yangu imetangulia. Fundi anataka kufuta kila kitu aanze upya, nikamfukuza. Kazi ya akili yangu ifutwe na mtoto wa Kiriaini?

Wewe tuma hiyo paswadi. Jana nilikaa kwa mashine yangu, nikafungua ukurasa, ikaniandikia umefungwa, nimuone mwenye duka. Mteja mmoja tu alikuwa ndani, na alicheka mpaka akamwaga chai.

Sasa Wangari, mwenye duka ni mimi. Niende nikamwone nani?

Ni mimi, kaka ya mama yako, aliyekula mbuzi wa masikio yako.