Gogo Hufuata Maji

Jumapili, 2 Februari 2025

Pampu ya kisima imekufa tena. Wiki ya pili sasa! Nimekwenda mtoni mwenyewe, maana hata sisi manesi tuna nguo za kufua.

Nimeona jambo. Wanawake kumi na mmoja wameweka ndoo chini, hakuna aliyegusa maji. Wanamngoja mtu. Akaja bibi mwembamba, jicho moja tu – la kushoto liliondoka na surua utotoni. Akapanda kichuguu, akautazama Ruvuma, akaanza kuyumba. Kulia, kushoto, kulia. Nikadhani kizunguzungu, nikakimbia kumdaka! Rukia, jirani yangu, akanivuta kanga. Huyo ni Bi Latifa, akaninong'oneza, anatutazamia mamba. Asipokuja hatuchoti. Mwaka juzi alikwenda msibani siku moja tu, na siku hiyo hiyo Somoe akavutwa mkono. Somoe sasa anafua kwa mkono mmoja.

Mlinzi mwenye jicho moja. Nilicheka moyoni, nakiri hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumanne, 4 Februari

Kicheko kimeniisha.

Asubuhi Bi Latifa aliinua mkono. Wote wakapanda juu, kimya, hata watoto. Mimi nimekodoa macho yote mawili – matete, kivuli, tope. Kisha kipande cha ukingo kikazama. Kikazama! Tangu lini ukingo unazama?

Nikamfuata mpaka kwake. Shikamoo, nikamwambia, nifundishe. Akanifunga jicho moja kwa kitambaa, akasimamisha mchi mbele ya ua wa makuti. Nikitulia, mchi umegandana na makuti, kitu kimoja. Nikiyumba, mchi unachomoka! Unakimbia huku, makuti yanabaki kule. Alisema cha karibu hakiwezi kujificha mbele ya mtu anayeyumba. Nikamwuliza, na sisi wa macho mawili? Hapa uani yanatosha, alinijibu, lakini mto ni mpana, kule hata wewe uyumbe.

Miaka mitatu ya chuo cha uuguzi na hili nimelijua leo, kwa mchi.

Ijumaa, 7 Februari

Somo la pili. Nilisimama naye kichuguuni kabla ya wenzetu kufika.

Unatazama, unafumba jicho, unasoma Kulhuwallahu moja, unafumbua. Kilichosogea sawasawa na povu ni gogo. Kilichobaki nyuma ya povu, au kilichokwenda kando, kina nia yake. "Gogo hufuata maji, Sista." Nikamwambia mimi ni Mkatoliki, nitasema Salamu Maria. Alicheka mpaka akashika kiuno – sema tu, mamba hana dini.

Halafu nikaharibu. Ndege mdiria alijitupa majini akaibuka na samaki, mzuri ajabu, rangi zake! Bi Latifa akauliza magogo mangapi yamepita. Mawili, nikasema. Yalikuwa manne, na moja lilipita mbele ya pua ya mdiria wangu. Hakunikaripia. Alisema jicho likishika kitu kwa furaha, linaangusha vingine vyote, ndiyo maana yeye akiwa juu hata salamu haitikii. Na mimi niliyedhani ana kiburi! Mwanamke huyu ameutazama mto miaka kumi na tisa bila kuupenda hata dakika moja, ili wengine wachote. Ninamhusudu.

Jumatano, 12 Februari

Bi Latifa alikuja zahanati kupima presha. Presha nzuri. Nikamulika jicho kwa tochi. Mboni ina ukungu, kijivu kabisa. Mtoto wa jicho! Anajua tangu Oktoba. Anasema anaona kama kupitia moshi wa jikoni, ndiyo maana siku hizi anayumba zaidi.

Nilikasirika, nikamwambia anachezea maisha ya watu. Akaniuliza kwa upole: angemwachia nani?

Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya mkoa wiki ijayo. Anatamani kuuona mwezi wa Ramadhani mwenyewe, asiambiwe na watu. Lakini mto? Nikasikia mdomo wangu ukisema, mimi nitasimama. Alinitazama muda mrefu, kwa huo moshi wake. Akakubali.

Jumatatu, 17 Februari

Amepanda basi la Mtwara na mpwa wake Nuru. Hapa leo mvua, tumekinga maji ya mabati, mtoni hakwenda mtu. Kesho ni zamu yangu.

Jumanne, 18 Februari

Saa nane mchana. Asubuhi nimesimama! Salamu sikuitikia, ndege sikutazama. Magogo mawili yalikuwa yakishuka, nikafumba macho, Salamu Maria moja, nikafumbua: yote yamekwenda na povu. La tatu lilikuwa limekwama kwenye matete, limetulia zake, nikaliacha. Ndoo zote zimejaa. Rukia anasema nina jicho. Mimi, mtoto wa milima ya Njombe! Laiti Bi Latifa angeniona –

Simu. Ni yeye. Amepasuliwa asubuhi, jicho limefungwa, yuko gizani mpaka kesho, na badala ya kulala anataka habari za mto! Nikamsimulia kwa madaha. Alisikiliza. Akataka kujua lile la tatu lilikuwa ndani ya matete au mbele yake. Ndani, nikasema.

"Uliyumba?"

Sikuyumba. Walikuwa wananitazama wote, nikaona haya kuyumba kama mlevi. Nikawaza nina macho mawili, yanatosha. Nimemwambia hivyo hivyo.

Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aliuliza wanarudi mtoni saa ngapi. Saa kumi, nikamjibu, na hawashuki bila mimi.

Saa tisa kasoro. Naandika ili nitulie. Nitawahi, nitayumba, nitaliangalia upya. Labda ni gogo kweli –

Ndoo. Zinagongana njiani, nyuma ya zahanati. Mbona mapema? Namsikia Rukia, anawaambia wenzake wasinisumbue kazini, Sista ameshatazama asubuhi, mto ni salama.

Viatu viko wapi! Basi, bila viatu